Maji, maji ya chumvi, mawese au vidanje: ulinganisho wa vimiminika vya kuzamishia kisu ulichojitengenezea

Kisu kikishakatwa, kikapigwa tupa na kutobolewa matundu ya mpini, bado ni bamba laini ambalo makali yake yatapinda kwenye mfupa wa kwanza. Kinachokikaza ni moto, pamoja na kimiminika kinachokipokea kikitoka motoni. Kuhusu moto hakuna ubishi mwingi katika viwanja vya Bukavu, mashariki mwa Kongo: makala, yaani makaa, ndiyo yaliyopo, babula (jiko la makaa) kubwa au shimo lililozungushiwa matofali linatosha, na upepo hutoka kwenye mivukuto au kwenye feni ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa umeme wa mto Ruzizi hukatika bila kuuliza mtu amefika wapi katika kazi yake. Ubishi huanzia kwenye ndoo. Mmoja husema maji, kama walivyofanya wazee. Wa pili husema maji yatiwe chumvi. Wa tatu humimina mawese. Wa nne huenda gereji kuomba mafuta ya vidanje, yaani yale yaliyokwisha kutumika ndani ya moteri. Kila mmoja ana kisu cha kuonyesha kama ushahidi, na mara nyingi ushahidi wake ni wa kweli, kwa sababu hawakutumia chuma cha aina moja.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyekwama kati ya ndoo hizo nne.

Vigezo vya kupimia

Kwanza ieleweke ni kazi gani kimiminika kinatakiwa kuifanya. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipita nyuzi 800 za Selsiasi, au zaidi kidogo, kaboni yake huyeyuka ndani ya chuma na kuenea kote. Kikiachwa kipoe chenyewe hewani, kaboni hupata muda wa kujitenga tena, na chuma hurudi kuwa laini. Kikipozwa kwa haraka, hasa katika eneo la nyuzi 600 hadi 500 ambako mgeuko wa kulainika hutokea upesi kuliko mahali pengine, kaboni hunaswa mahali ilipo. Kisha kisu kikishuka chini ya nyuzi 300 au 200 hivi, kutegemea kiasi cha kaboni, huanza kugeuka kigumu. Mgeuko huo wa mwisho hukifanya chuma kivimbe kidogo. Ngozi ikitangulia kugeuka kabla ya kiini, au ukingo mwembamba kabla ya mgongo mnene, sehemu moja huivuta nyingine, na hapo ndipo nyufa na mapindo huzaliwa.

Kwa hiyo tunatafuta kimiminika chenye haraka kisu kikiwa chekundu, na chenye upole kisu kikikaribia kupoa. Wapo wanaoamini kwamba kadiri kisu kinavyopozwa kwa ukali ndivyo kitakavyokuwa kikali, na imani hiyo imeharibu visu vingi kuliko moto mbaya. Kikomo cha ugumu huwekwa na kaboni iliyomo ndani ya chuma. Ukishaifikia kasi ambayo chuma chako kinaihitaji, kasi ya ziada haiongezi ugumu wowote; inaongeza nyufa.

Kila kimiminika hapa chini kitapimwa kwa mambo yale yale: aina ya chuma kinayoifaa, hatari ya kupasua au kupinda kisu, maandalizi kinayoyadai, usalama wa mtumiaji na majirani zake, upatikanaji na utunzaji wake, na hatimaye mtu anayefaa kukichagua.

Chuma ulicho nacho

Sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika kabla hata ya kununua mafuta, pale unapookota bamba. Springi bapa za magari ya Kijapani, ambazo barabara zetu huzivunja kwa wingi, mara nyingi ni za chuma kinachoitwa SUP9, chenye kaboni ya asilimia 0.52 hadi 0.60 pamoja na kromi na manganizi; chuma cha Kimarekani cha 5160 kinakaribiana nacho sana. Kromi na manganizi hukipa chuma hicho subira: una sekunde kadhaa za kukishusha kabla hakijalainika. Tupa nzuri ya zamani ina kaboni nyingi zaidi, kwa kawaida asilimia 1 hadi 1.3, lakini vitu vya kukipa subira ni vichache, hivyo una sekunde moja hivi au pungufu. Mabeleni (beringi) makubwa ya magari yana kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 1.5, na hayo ni ya mafuta tu. Nondo ya ujenzi kwa kawaida haina kaboni ya kutosha. Hakuna ndoo itakayoifanya kisu cha kweli.

Jambo hili la mwisho linaeleza fumbo moja linalowapotosha wengi. Ukimwona mhunzi anazamisha visu vya nondo kwenye ndoo ya maji siku nzima bila kimoja kupasuka, usihitimishe kwamba maji ni salama. Vile visu havikupasuka kwa sababu havikukazika.

Tupa za bei ya chini nazo zina ujanja wake: baadhi zimekazwa ngozi tu, na ukizinoa unafika kwenye chuma laini. Pima kwa kuivunja ncha yake. Tupa ya kweli huvunjika mara moja na kuonyesha sura ya kijivu iliyo sawa kutoka ukingo hadi kiini, na ile ya ngozi hupinda kabla ya kuvunjika, ikaonyesha ganda na kiini vyenye sura tofauti.

Maandalizi yasiyobadilika

Ndoo yoyote utakayoichagua, kuna mambo ambayo hayabadiliki. Usinoe makali kabla ya kuzamisha. Acha ukingo wenye unene wa milimita 1.5 hivi, kwa sababu ukingo mwembamba huungua, hupinda na hupasuka kwanza. Futa mikwaruzo mirefu inayokatiza upana wa bamba, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Pasha kisu hadi sumaku isikikamate tena, kiache kipoe hewani mahali pasipo upepo hadi kipoteze wekundu wote, kisha urudie mara mbili. Hatua hii hurekebisha chembe za chuma zilizokua ovyo wakati wa kufua.

Sumaku huacha kuvuta chuma karibu na nyuzi 770, kwa hiyo joto la kuzamishia liko juu kidogo ya hapo. Dawa ya kulijua bila kipimo iko jikoni: chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ukinyunyiza punje chache juu ya bamba nazo zikageuka kimiminika kinachong'aa, umefika. Kwa springi ongeza rangi kidogo tu, kisha zamisha. Fanya kazi hii kivulini au jioni, kwa sababu jua la mchana hukudanganya rangi na utapasha kupita kiasi. Ingiza kisu wima au makali yakitangulia, kisogeze mbele na nyuma kama unayekata, na usikitikise kuelekea kushoto na kulia, kwa kuwa upande unaopoa kwanza utakipinda.

Maji matupu

Maji hufaa chuma chenye haraka na kisicho na vitu vya kukipa subira, yaani tupa za zamani na vyuma vya kaboni visivyo na kromi. Kwa springi ni kamari mbaya: kisu kinaweza kutoka kikiwa kigumu na kizima, na kinaweza kutoa mlio mfupi ndani ya ndoo, ambao kila mtengenezaji wa visu anaufahamu na hakuna anayeupenda.

Hatari yake kubwa iko katika mvuke. Kisu chekundu kikiingia, maji yanayokigusa hugeuka mvuke papo hapo na kukizungushia utando, na mvuke ni mbebaji dhaifu wa joto. Kwa muda mfupi huo kisu hupoa polepole kuliko unavyodhani. Kisha utando hupasuka mahali fulani kabla ya pengine, sehemu hiyo hupozwa kwa nguvu huku jirani yake ikiwa bado nyekundu, na matokeo yake ni madoa laini kando ya maeneo magumu, pamoja na mvutano unaozaa nyufa. Halafu, kisu kikifika kwenye nyuzi 300 na chini, pale tulipotaka upole, maji huwa bado na ukali wake wote. Mwinuko wa Bukavu nao una neno lake: kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo mvuke huja mapema kidogo kuliko pwani. Tofauti hiyo si kubwa, lakini haitusaidii.

Maandalizi ni machache. Usitumie maji ya moto, kwa kuwa maji kadiri yanavyokuwa ya moto ndivyo utando wa mvuke unavyodumu. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo usoni huwa karibu na nyuzi 24, yanafaa yalivyo. Kwa usalama maji hayana mpinzani: hayashiki moto, hayatoi moshi, na katika kiwanja kilichobanwa na nyumba za mbao kama vilivyo vingi huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, hilo si jambo dogo. Gharama yake ni safari ya bombani.

Watu wengi huleta mfano wa panga za Japani, ambazo huzamishwa majini na ni maarufu duniani kote. Mfano huo ni sahihi, lakini chuma cha panga hizo hakina kromi ya kukipa subira, na mfuaji hupaka udongo mnene mgongoni ili sehemu hiyo ipoe polepole na ibaki laini. Hata hivyo, panga zao nazo hupasuka. Maji yanamfaa mtu mwenye chuma cha kaboni kisicho na kromi anachokijua vizuri, ambaye hapaswi kuwasha mafuta mahali alipo, na ambaye yuko tayari kupoteza kisu kimoja au viwili.

Maji ya chumvi

Chumvi haiyapi maji upole, inayaongezea kasi. Lakini inaondoa ule utando wa mvuke: chembe za chumvi hujitengeneza juu ya chuma cha moto na kupasuka, zikiutawanya mvuke kabla haujatulia, hivyo kisu hupozwa kwa usawa zaidi. Ndiyo maana kisu kinaweza kunusurika kwenye maji ya chumvi ingawa kingepasuka kwenye maji matupu, jambo linaloonekana kinyume hadi ukumbuke kwamba kinachopasua si kasi peke yake bali pia tofauti kati ya sehemu na sehemu.

Kinafaa vyuma vilevile vya maji, pamoja na vile vyenye kaboni ya wastani, asilimia 0.35 hadi 0.45 hivi, ambavyo havina kromi na ambavyo mafuta huviacha laini. Kwa springi na mabeleni, hapana. Changanya gramu 100 za chumvi kwa kila lita moja, koroga hadi iyeyuke yote, na tumia chombo kirefu cha chuma. Usalama wake ni sawa na wa maji, isipokuwa matone ya moto hurukaruka zaidi, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima. Bei ni ya pakiti moja ya chumvi. Utunzaji wake una adha moja: kisu kisichosuuzwa mara moja huanza kutu siku hiyohiyo, na koleo lako pia.

Anayefaa kukichagua ni yule aliyekwisha kupima kipande cha chuma chake kwenye mafuta akakuta tupa bado inakikwaruza. Sioni sababu ya kuanza na chumvi kabla ya jaribio hilo.

Mawese na mafuta mengine ya mimea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo chaguo ambalo watu wa hapa wanalo karibu kuliko watengenezaji wengi wa visu duniani, na bado wengi huliona kama la kubahatisha. Mafuta ya mimea si mbadala wa kimaskini. Yanachemka kwenye joto la juu mno, kwa hiyo utando wa mvuke karibu haupo. Hukipokea kisu chekundu kwa haraka tangu mwanzo, kisha kadiri kisu kinavyokaribia kupoa, kasi hupungua yenyewe. Hiyo ndiyo tabia tuliyokuwa tukiitafuta tangu mwanzo wa ulinganisho huu.

Springi yanaifaa kabisa. Mabeleni pia. Kwa tupa yanafaa pale bamba linapokuwa jembamba, milimita 3 au pungufu. Bamba nene la tupa linaweza kukazika ukingoni tu na kubaki laini kuelekea mgongoni, jambo ambalo kwa kisu cha jikoni si kasoro, kwa kuwa mgongo laini huzuia kisu kuvunjika. Nyufa ni chache sana, na mapindo madogo yanaweza kunyooshwa kwa mikono yenye glavu za ngozi ndani ya sekunde chache baada ya kisu kutoka, kabla mgeuko haujakamilika.

Maandalizi ndiyo yanayodai uangalifu. Mawese huanza kuganda kwenye joto lililo chini ya nyuzi 35 hivi, na asubuhi nyingi za Bukavu ziko chini sana ya hapo. Hata mafuta ya kupikia yaliyosafishwa, ambayo mara nyingi hutokana na mawese hayohayo, huingia ukungu penye baridi. Mafuta mazito hayazunguki kisu vizuri, kwa hiyo yapashe hadi nyuzi 50 au 60. Kama huna kipimajoto, weka kipande cha mshumaa ndani ya kikopo chepesi kinachoelea juu ya mafuta: mshumaa wa kawaida huyeyuka karibu na kiwango hichohicho. Usiyapashe zaidi kwa tamaa ya kupata kasi, kwa kuwa mafuta ya moto sana hushika moto kwa urahisi na yanakosa uwezo wa kupokea joto la kisu. Kiasi nacho kina maana: kisu cha gramu 200 hupandisha joto la lita 4 kwa nyuzi 10 hadi 15, hivyo lita 4 hutosha kwa kisu kimoja, lakini si kwa visu vitano mfululizo.

Jambo la hatari zaidi ni maji yaliyojificha ndani ya mawese. Mawese yasiyosafishwa huwa na maji na machujo, na maji hukaa chini ya chombo. Kisu chekundu kikiyafikia, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yote juu. Kwa hiyo mara ya kwanza yachemshe polepole jikoni hadi mapovu na mlio wa kukaanga viishe kabisa, yachuje, kisha ndipo yaingie kwenye chombo cha kazi.

Kwa usalama mafuta yoyote ni hatua moja nyuma ya maji. Moto mdogo huzuka juu ya mafuta kisu kinapoingia, na huzimika kisu kikizama chote. Sehemu ikibaki nje huendelea kuwaka. Tumia chombo cha chuma kilicho kirefu kuliko kisu na kizito chini, kwa mfano kipande cha bomba nene kilichochomelewa kitako. Bidoni (dumu) ya plastiki ni mwaliko wa maafa, na bati lililopakwa zinki lisiwekwe karibu na moto kwa sababu moshi wa zinki ni sumu. Weka mfuniko karibu, pamoja na ndoo ya mchanga au majivu. Mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji. Kazi hii ifanyike nje, mbali na ukuta wa mbao, watoto wakiwa wameondolewa, na mtendaji akiwa amevaa nguo za pamba, si za nailoni.

Moshi wake unanuka kama jiko la maandazi lililoachwa, lakini haukulazimishi kukimbia. Gharama ni ya wastani, na mafuta yaleyale yatatumika mara nyingi, ingawa hayadumu kama ya madini: hewa huyafanya yawe mazito na yaoze, na panya watayatembelea. Yachuje kila baada ya kazi, yafunike, na uyabadilishe yakianza kunata. Bila shaka hayarudi tena jikoni.

Chaguo hili linamfaa anayetengeneza kisu kwa springi, anayeanza, na mwenye nafasi ya nje ya kutosha kuwasha moto bila kuwatishia majirani.

Mafuta ya vidanje

Mvuto wake ni mmoja, nao ni mkubwa: gereji nyingi huyatoa kwa bei ndogo au bure. Kwa upande wa chuma, yanakaza springi, ingawa ni mazito na yana kasi ndogo kuliko mafuta ya mimea yaliyopashwa. Kwa tupa mara nyingi hayatoshi, na kisu kitatoka na madoa ambayo tupa nyingine itayang'ata. Nyufa ni chache, kama ilivyo kwa mafuta yote. Nayo hupashwa hadi nyuzi 50 au 60 na kuchujwa, na huhitaji kuondolewa maji kwa uangalifu uleule.

Kasoro yake iko kwenye usalama, na kwa maoni yangu inapunguza sana thamani ya ule ubure. Mafuta yaliyopita ndani ya moteri hubeba masizi, chembe za metali na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, na kisu chekundu huzipeperusha zote kuelekea uso wako. Mara nyingi yamechanganyika na esensi (petroli) au mazuti (dizeli), kwa hiyo hushika moto kwenye joto dogo kuliko mtu anavyotarajia. Huacha ganda jeusi gumu kufuta, na kisu kitakachokata nyama kinapaswa kusuguliwa hadi chuma cheupe. Tena hayana mahali pema pa kutupwa: mtaro wa Bukavu hushuka ziwani.

Mafuta mapya ya moteri yana afadhali kwa moshi, lakini hayakutengenezwa kwa kazi hii, na bei yake ikishalipwa hakuna sababu ya kutonunua ya kupikia. Ya vidanje yanamfaa anayetengeneza zana nene za shamba kwa springi, anayefanya kazi mahali pa wazi kabisa akisimama upande unakotoka upepo, mwenye glavu zisizopitisha mafuta, na mwenye gereji inayokubali kuyapokea tena yakichoka.

Baada ya ndoo

Pitisha tupa kwenye ukingo: ikiteleza bila kung'ata, kisu kimekazika, iking'ata, jaribu tena kabla ya kulaumu kimiminika, kwa sababu mara nyingi joto ndilo lililokuwa pungufu. Kisu kilichokazika vizuri huweza kuvunjika kikianguka sakafuni, kwa hiyo kipashwe mara ya pili ndani ya saa hiyohiyo. Kukichemsha katika maji hakutoshi, hasa hapa ambapo maji hayapiti nyuzi 95. Kinachotakiwa ni nyuzi 200 hadi 230 kwa saa moja hadi mbili, kisha kipoe na kurudiwa. Springi iliyopashwa karibu na 200 hubaki na ugumu wa takriban 58 kwenye kipimo cha Rockwell C. Tupa ipewe 220 au 230, la sivyo ukingo wake utamomonyoka.

Mwenye kumfahamu mwoka mikate amwombe nafasi katika tanuri baada ya mikate kutoka, linapotulia karibu na kiwango hicho. Asiye naye atumie mchanga mkavu ndani ya sufuria yenye mfuniko juu ya babula, kisu kikiwa kimesuguliwa king'ae ili rangi ionekane: njano ya majani makavu ndiyo inayotafutwa, kahawia ni karibu na nyuzi 255, na ikifika buluu, karibu 300, makali yamepoteza sehemu kubwa ya ugumu wake, na kazi inaanza upya kutoka motoni.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama una springi ya gari na uwanja wa nje, anza na mafuta ya mimea yaliyopashwa. Kati ya mawese na yaliyosafishwa, tofauti ya matokeo ni ndogo, ila yaliyosafishwa hukuondolea kazi ya kuchuja na kutoa maji.

Kama una tupa nzuri ya zamani na unataka kisu chembamba cha jikoni, mafuta ya mimea kwanza. Yakishindwa kukikaza chote, na ukawa na tupa nyingine ya akiba, nenda kwenye maji ya chumvi ukiwa na ukingo mnene kidogo, milimita 2.

Kama unaishi mahali ambapo moto wa mafuta hauwezekani, nyumba ya mbao huku na huku na watoto wakipita, chagua chuma kinachokubali maji badala ya kulazimisha springi kwenye maji. Au upeleke kisu kwa mhunzi mwenye nafasi, ukamlipe kwa kazi ya kuzamisha peke yake.

Kama unatengeneza panga au kisu kinene cha shamba kwa springi nyingi kwa mfululizo, wingi wa mafuta ndio utakaokuamulia, na hapo vidanje linaweza kuwa chaguo linaloeleweka, kwa masharti yaliyotajwa na si kwa visu vya chakula.

Na kama hujui chuma chako ni cha aina gani, hali ambayo ni ya wengi wanaonunua vyuma chakavu, usiamue kwa kisu kizima. Kata vipande viwili vya urefu wa kidole kutoka bamba lilelile. Zamisha cha kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 50. Tupa ikiteleza juu yake, jibu umelipata, na cha pili huna haja nacho. Iking'ata hata baada ya kurudia kwa joto sahihi, zamisha cha pili kwenye maji ya chumvi, kisha kifunge kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo, ukiwa umevaa miwani. Sura ya kijivu laini inaonyesha kwamba chuma na joto vilikuwa sawa. Punje kubwa zinazometa kama sukari zinaonyesha kwamba ulipasha kupita kiasi. Na kikipinda badala ya kuvunjika, kitafutie bamba hilo kazi nyingine.